Nimeandikwa Wapi Hapo?

Kazi ya kwanza niliyolipwa maishani ilikuwa ya kuhesabu magari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nyumbani pesa za kuendelea hazikuwapo, na jirani akaninong'oneza kwamba watafutwa vijana wa kukaa barabarani siku tatu na fomu. Nikapangiwa Mwembe Tayari, Mombasa, kando ya Barabara ya Jomo Kenyatta, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Nikapewa kiti cha plastiki, mwavuli, kalamu mbili na rundo la karatasi. Fomu ilikuwa na safu saba: gari dogo, matatu, basi, lori, trela, tuktuk, pikipiki. Kila kinachopita nakipigia kistari kimoja, cha tano nakilaza juu ya vinne vya mwanzo. Agizo la msimamizi lilikuwa fupi: andika chenye injini.

Siku ya pili, jua la saa saba limeilainisha lami hadi inanuka, hamali mmoja akasimamisha mkokoteni wake karibu na mwavuli wangu. Alikuwa amebeba magunia ya viazi, marefu, yamefungwa kamba mara mbilimbili. Akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akajifuta jasho kwa pindo la fulana, akaomba maji. Nikampa chupa yangu. Alipokuwa akinywa aliitazama fomu kwa makini, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ubaoni.

"Waandika nini hapo, mwanangu?"

"Nahesabu vinavyopita, mzee."

"Kila kipitacho?"

"Kila kipitacho."

"Haya. Nami nimeandikwa wapi hapo?"

Nikaipekua karatasi kana kwamba safu ya nane ingejitokeza nikiigeuza. Nikamwambia hayumo. Hakukasirika. Alisema tu, "Basi niandike pembeni," akaondoa jiwe lake, akauinamia mkokoteni na kushika njia ya Marikiti. Nikamwandika pembeni: mkokoteni 1. Jioni msimamizi akapiga mstari juu yake, akanieleza kwa upole kwamba kompyuta haina mahali pa kuiweka.

Miaka imepita, na leo mimi mwenyewe riziki yangu yatoka kwenye ramani na takwimu. Nakaa kwenye semina ambako maneno "mji mwerevu" na "uchukuzi endelevu" hutajwa mara nyingi kuliko salamu. Nayapenda maneno hayo, na naiamini teknolojia, imenilisha. Lakini kila nikionyeshwa mchoro wa Mombasa ya kesho, yenye kamera kila makutano na taa zinazojiamulia zenyewe, huitafuta safu ya yule mzee. Nimeitafuta sana.

Niseme wazi ninachokiamini, kisha nieleze kwa nini. Mitambo ya mji mwerevu hupanga kwa kufuata kilichohesabiwa. Mombasa imehesabu magari yake kwa miaka mingi na haijawahi kuwahesabu kwa dhati watu wake wanaotembea. Tukiinunua mitambo hiyo kabla ya kurekebisha hesabu, tutakuwa tumenunua upofu wetu wa zamani kwa bei ya mpya.

Mimi ni mtu wa ng'ambo. Nimezaliwa Likoni, upande wa kusini wa kivuko cha kwenda kisiwa cha Mombasa, nikalelewa na mama aliyeuza mahamri na mbaazi kisiwani, na kwa hivyo nimelelewa na feri pia. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tayari kwenye mteremko, mimi na ndoo ya mahamri iliyofunikwa kanga, yeye na sufuria ya mbaazi kichwani. Giza bado, lakini watu tele: wapishi, walinzi wa usiku wakirudi, walinzi wa mchana wakienda, vijana wa bandarini, wanafunzi wenye soksi nyeupe, wauza samaki. Lango la chuma likifunguliwa hakuna tena anayetembea kwa hiari yake; umati ndio unaokubeba. Sauti ya mlango wa feri ukikwaruza saruji, harufu ya dizeli na mwani, mtu akikanyaga kiatu chako na kukuomba radhi akiwa ameshakupita hatua kumi. Na kama meli kubwa inaingia Kilindini, feri husubiri, nasi twasubiri nayo, na mbaazi zapoa.

Takwimu ambazo zimetajwa rasmi kwa miaka mingi ni kwamba kivuko cha Likoni huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku na magari yapatayo 6,000. Zigawe tu: kwa kila gari moja kuna watu kama hamsini. Sasa tazama jinsi kila upande unavyoingia kwenye hesabu. Gari hulipa, na likilipa hutoka risiti, na kwenye risiti kuna saa, tarehe na aina ya gari. Atembeaye havuki kwa pesa. Ni jambo jema, na nisingependa liguswe kamwe, kwani mama yangu asingeweza kulipa mara mbili kila siku na bado akatusomesha. Lakini kwa kuwa halipi, hakuna karatasi inayosema alipita. Zile 6,000 zinaweza kukaguliwa moja moja. Zile 300,000 ni nambari iliyoviringwa mikononi kama tonge.

Kuna wakati kutojua idadi hiyo kulituua. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama ikielekea kisiwani asubuhi. Ilikuwa chombo cha kubeba watu 300, na waliokuwamo walikadiriwa kuwa kama 400. Waliokufa ni 272. Mtu akisoma takwimu hizo leo huona msiba. Mtu wa Likoni huona pia ile "kama" iliyotangulia 400. Hatujui kwa uhakika walikuwa wangapi, kwa sababu wakati wanapanda hapakuwa na aliyewahesabu. Mama aliacha kuvuka kwa wiki kadhaa. Aliporudi, alikuwa na tabia mpya iliyomkaa mpaka uzeeni: akifika ndani ya feri hugeuka na kuutazama umati, midomo ikicheza. Nilidhani anasoma dua. Siku moja nikamwuliza, akasema, "Nahesabu. Mtu mmoja na ajue tuko wangapi."

Teknolojia ya kumpunguzia mama kazi hiyo ipo, na si ya ajabu. Ni mwali wa mwanga usioonekana kwenye lango, unaokatika kila mtu apitapo. Ni kamera juu ya mteremko, na programu inayotambua umbo la mtu na kuliongeza moja, hata umati ukisongamana. Viwanja vya mpira na maduka makubwa duniani vyatumia vitu hivi kila siku. Ukijua watu wangapi wamo bandani saa kumi na moja na nusu, unajua uongeze feri ya tatu au ya nne. Ukijua chombo kimebakisha nafasi hamsini, lango lajifunga kwa hesabu, na mlinzi hana haja ya kubishana na umati kwa makisio. Nikiambiwa nichague mahali pamoja pa kuanzia mji mwerevu Mombasa, sitachagua makutano ya magari. Nitachagua lango lile.

Badala yake, angalia pesa kubwa zilikokwenda. Barabara ya Dongo Kundu, kutoka Miritini kupita Mwache na Mteza hadi pwani ya kusini, imekamilika kwa daraja refu na la kupendeza, na mwenye gari anayekwenda Diani haihitaji feri tena. Nafurahi kwa ajili yake. Ila mpishi wa Likoni anayefanya kazi Ganjoni hawezi kuizunguka njia ile kwa miguu. Yeye bado yuko mteremkoni. Mara moja tu nakumbuka mji ukimtanguliza yeye: Desemba 2020, wakati wa Korona, lilipofunguliwa daraja la kuelea la Liwatoni, la waenda kwa miguu peke yao. Ilihitaji ugonjwa utie hofu ya msongamano ndipo msongamano wa watu uonekane kuwa jambo la uhandisi.

Kwa nini mitambo hupenda magari? Sababu ya kwanza ni ya kifundi kabisa. Taa za barabarani zinazojirekebisha zina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mifumo ya Uingereza na ya Sydney ilianza kuundwa miaka ya 1970. Kihisi chake cha asili ni mzunguko wa waya uliozikwa chini ya lami. Chuma kikipita juu, umeme wa waya hubadilika, na mtambo hujua gari limefika. Waya huo hausikii nyayo. Haumsikii mwenye kandambili, wala mtoto, wala mwenye mkongojo. Kwa hivyo mtambo hupunguza kusubiri kwa kile unachokihisi, na unachokihisi ni chuma.

Ramani za simu nazo ni hivyo hivyo. Ile rangi nyekundu unayoiona Makupa jioni yatokana na mwendo wa simu zilizomo barabarani: zikitambaa, njia yawa nyekundu. Kwa kupima mwendo wa magari ni kazi nzuri. Lakini mwendo wa mwanamke anayetoka Kongowea na beseni la mboga, akivuka Daraja la Nyali kwa miguu ili aokoe nauli, hauigeuzi njia kuwa nyekundu. Kwa ramani, yeye na daraja wako shwari.

Hatuna sababu ya kudhani haiwezi kuwa vingine. Mwezi Novemba 1962 mji wa Copenhagen uliifunga barabara yake kuu ya maduka, Strøget, magari yasipite. Katika miaka iliyofuata msanifu Jan Gehl akaanza kazi iliyoonekana ya kitoto: kukaa barabarani na kuhesabu watu. Wangapi wapita, wangapi wamekaa, wapi wanasimama kuzungumza, saa ngapi. Hoja yake ilikuwa kwamba idara za miji zinajua kila kitu kuhusu magari kwa sababu zimeyahesabu, na hazijui lolote kuhusu watu kwa sababu hazijawahesabu. Kiti cha plastiki, mwavuli, kalamu mbili. Tofauti yake na mimi ilikuwa safu moja tu kwenye karatasi.

Neno "hesabu" lenyewe, kwa mtu wa matatu, lina maana nyingine, nami siwezi kulipita bila kulitaja, maana ndilo lililozamisha jaribio moja kubwa. Dereva wa matatu au tuktuk akikuambia anatafuta hesabu, ni kile kiasi anachopaswa kumpelekea mwenye gari kila jioni. Mafuta yake, fundi wake, chakula chake, vyote vyatoka kwenye kinachobaki juu ya hesabu. Ndiyo maana gari husubiri lijae stejini, ndiyo maana likikuta foleni hukata kona na kukushusha Buxton badala ya Posta, ndiyo maana mvua ikinyesha nauli hupanda. Mwaka 2014 serikali iliagiza nauli nchini zilipwe kwa kadi. Kadi zikatolewa, mashine zikanunuliwa, na mpango ukafa taratibu. Huku M-Pesa, iliyoanza 2007, ilikuwa tayari mkononi mwa kila makanga. Hatukuwa watu wa kuogopa pesa za simu. Ila kadi ilipeleka nauli moja kwa moja kwa mwenye gari, na dereva aliyeishi kwa kile kinachozidi akaona maisha yake yamefutwa na kimashine. Teknolojia ilihesabu pesa bila kumhesabu aliyezitafuta. Ukitaka matatu ziende kwa ratiba, mlipe dereva mshahara kwanza, kisha lete kadi. Ami yangu huyasimulia mabasi ya Kenya Bus yaliyokuwa yakizunguka mji huu, ambayo dereva wake hakuwa na sababu ya kukimbizana na abiria.

Lipo pia jaribio lililofaulu, na hili nalitamani kwetu. Nairobi, wanafunzi na watafiti wa chuo kikuu cha huko wakishirikiana na wenzao wa Marekani walipanda matatu na simu mikononi, wakarekodi kila njia na kila kituo, na mwaka 2014 wakachapisha ramani ya matatu za jiji, mfano wa zile za treni za miji mikubwa. Takwimu zake ziliwekwa wazi kwa yeyote. Njia za Mombasa twazijua kwa sauti: mgeni akishuka na kusikia "Ferry, Ferry!" au "Docks, Magongo!" itambidi aulize watu watatu na kuchagua jibu la wawili. Ramani ya namna hiyo haihitaji nyaya chini ya lami. Inahitaji vijana, simu, nauli ya wiki chache, na mtu wa kuihuisha kila mwezi. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Dar es Salaam nimekwenda mara mbili kwa ajili ya kutazama mwendokasi tu, yale mabasi yenye njia yake peke yake, na sioni haya kusema nilipanda kutoka Kimara hadi Kivukoni na kurudi bila shughuli yoyote. Mabasi yalianza Mei 2016 katika njia yake ya katikati, na mwaka 2018 jiji hilo likatunukiwa Tuzo ya Uchukuzi Endelevu, la kwanza kutoka Afrika Mashariki. Kilichonikamata si basi. Kando ya njia kuna ukingo wa watu na njia ya baiskeli, na kwenye vituo watu wana mahali pa kuvukia palipochorwa kwa ajili yao. Waliosanifu njia ile walikubali kwamba kila abiria wa basi huanza na kumaliza safari yake kwa miguu. Nimeziona pia foleni za jioni kwenye vituo, na najua mvua ikizidi bonde la Jangwani hufurika na mabasi husimama. Sisi wenye kisiwa tuliandike hilo kwa wino mweusi: kabla ya kuuliza kituo kitakuwa na skrini ya aina gani, tuulize maji ya masika hupita wapi.

Kuhusu umeme nitapita haraka, maana wengi wameliandika vizuri. Mwaka 2023 Rais alizindua pikipiki za umeme hapa hapa Mombasa, na siku hizi unamwona kijana akibadilisha betri kama mtu abadilishaye mtungi wa gesi. Umeme wa Kenya kwa takriban asilimia 90 hutoka kwenye joto la ardhi la Olkaria, maji, upepo na jua, kwa hivyo moshi haujahamishwa tu kutoka barabarani kwenda kwenye bomba la mtambo. Kisiwa chetu ni tambarare, safari zetu fupi. Betri na Mombasa zinafaana. Jirani yangu aliyeacha tuktuk ya petroli aliniambia kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba jioni kichwa hakimvumi. Naunga mkono yote haya. Lakini mkusanyiko wa tuktuk za umeme pale Saba Saba huziba njia ya anayetembea sawasawa na mkusanyiko wa tuktuk za petroli.

Na wakati twaongelea uchukuzi usio na moshi, mji huu ulikuwa nao zaidi ya miaka mia iliyopita. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na vijireli vyembamba mitaani hadi Kilindini, na juu yake vigari vidogo vyenye kiti na paa la turubai, vikisukumwa na watu. Katika picha nilizoziona, aliyekaa ameandikwa cheo chake chini. Waliosukuma hawana majina.

Najua kuna msomaji wa Majengo au wa Kibokoni aliyeshika shavu tangu niliposema kamera. Simlaumu. Kamera za usalama tunazo tayari kwenye makutano makubwa, na watu wa mji huu wana kumbukumbu za kutazamwa kwa sababu zisizo za uchukuzi. Ndiyo maana nasisitiza: kuhesabu kichwa hakuhitaji kujua uso. Kifaa cha lango kinaweza kutoa nambari na kuifuta picha papo hapo, bila kuihifadhi popote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yampa kila mmoja wetu haki ya kuuliza taarifa zake zachukuliwa kwa kazi gani. Mkataba wa mitambo utakaotiwa saini bila kifungu hicho kuandikwa wazi, mimi nitaupinga, hata kama lango ni lile la Likoni.

Sensa nayo nimeitafakari sana. Ile ya 2019 ilitukuta watu 1,208,333 katika kaunti hii, kila mmoja akihesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti. Serikali inajua vizuri tunakolala. Tunakopita tukiamka, nani anajua?

Mwaka jana nilimpeleka shangazi yangu kupima macho. Ana miaka sabini na kitu, anaishi Mji wa Kale, na hutembea akiwa amekushika kifundo cha mkono, si kiganja, kwa nguvu ya mtu anayepanda ngazi za chombo. Kuna makutano katikati ya mji ambayo yana taa za kuvukia watu, mojawapo ya machache. Tukasubiri. Kimtu cha kijani kikawaka, shangazi akasoma bismillahi, akashusha mguu. Tulikuwa hatujafika katikati kikaanza kumetameta. Tulikuwa tumepita katikati kidogo kikawa chekundu, na pikipiki tatu zikaanza kunguruma ubavuni mwetu. Shangazi hakuongeza mwendo kwa sababu hana wa kuongeza. Alinyoosha kiganja kuelekea pikipiki bila kuzitazama, kama mtu anayefukuza kuku, akaendelea na mwendo wake ule ule mpaka ukingoni. Hapo akavuta pumzi, akasema, "Taa hii haivushi watu. Yatufukuza."

Nikarudi siku iliyofuata peke yangu, na saa ya simu. Kijani: sekunde tisa. Barabara: mita kumi na nne kwa futi kamba yangu. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wengi ni kumkadiria mtembea kwa miguu mita 1.2 kwa sekunde, yaani hata kijana wa kwenye kitabu angehitaji kama sekunde kumi na mbili. Shangazi, nilimkumbuka vizuri, alihitaji ishirini. Mtu fulani mahali fulani alizipanga zile sekunde tisa, na najua aliipataje nambari hiyo: aligawa muda kwa magari kwanza, akatupa kilichobaki.

Uingereza kuna vivuko ambavyo vihisi vyake hutazama mtu akiwa bado barabarani, na taa ya magari hubaki nyekundu mpaka afike. Singapore, tangu 2009, mzee hugusisha kadi yake kwenye nguzo na kijani huongezewa sekunde kwa ajili yake. Wazia hilo. Mtambo unaojua kwamba aliyefika ukingoni ni mtu mzima, unamwongezea muda, na gari la kifahari na lori la bandarini vinasubiri. Siku nilipoisoma habari hiyo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwahi kuwa na ugomvi na mitambo. Ni suala la nani ameandikwa kwenye safu.

Kaunti huitisha maoni ya wananchi kabla ya bajeti. Katiba ya 2010 yalazimisha hivyo, ingawa ukumbini huwa tumekaa wachache na viti vingi. Kikao kijacho nitakwenda na karatasi tatu. Ya kwanza ni fomu niliyoichora upya, ya safu kumi: nimeongeza waenda kwa miguu, baiskeli na mkokoteni, na nitaomba kwamba hesabu yoyote ya barabara itakayolipiwa kwa pesa zetu itumie safu hizo. Ya pili ni ombi la vihesabio kwenye malango ya feri, pande zote mbili, pamoja na kile kifungu cha kufuta picha. Ya tatu ina mstari mmoja: mita kumi na nne, sekunde tisa.

Shangazi amesema naye atakuja kuisemea ile ya tatu. Ameniagiza nimpitie mapema, maana kutoka kwake mpaka ukumbini kuna barabara mbili za kuvuka.